Ampli ya Marehemu Théodore

Jumanne asubuhi Inspekta Cirhuza alikuta faili jipya mezani kwake, katika parquet, ofisi ya mashtaka ya Bukavu. Lilikuwa na karatasi tatu tu. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akazisoma tena.

Karatasi ya kwanza ilikuwa malalamiko ya Citoyen Muderhwa, mkurugenzi wa kampuni ya kahawa, mkaaji wa Nguba. Alisema ampli yake, kikuza sauti cha gitaa, aliyoinunua Bruxelles mwaka 1976, iliibwa katika salon, sebule yake, na kwamba aliiona kwa macho yake katika atelier ya fundi wa redio anayeitwa Modeste. Karatasi ya pili ilisema fundi amekamatwa na ampli imeshikwa. Karatasi ya tatu ilikuwa na mstari mmoja: ampli imerudishwa kwa mlalamikaji aitunze.

Chini yake Substitut, mwendesha mashtaka, alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Mshtakiwa aitengeneze kwanza. Kesho saa sita apelekwe gereza kuu."

Cirhuza alimwita karani wake, Donatien.

"Soma hii mustari."

Donatien alisoma. "Nimesoma, chef."

"Banasema mutu ameiba. Tena banasema atengeneze ile aliiba, kisha aende gereza. Umekwisha kuona hiyo fasi gani?"

"Ah, chef. Hapa nimeona ya kupita hiyo."

"Na huyu mutu, nani amemusikiliza? PV, karatasi ya kuhojiwa kwake, iko wapi?"

Donatien aligeuza karatasi zote tatu, mbele na nyuma. "Hakuna."

"Siku ngapi ndani?"

"Leo ya sita. Substitut anasema mambo iko ya haraka. Jumamosi iko sikukuu ya Chama, na kikundi ya Directeur, ya animation na nyimbo za Chama, inapashwa kupiga mbele ya wageni ba Kinshasa. Ampli haiwaki."

Cirhuza aliandika namba ya faili juu ya karatasi mpya, akachukua ufunguo wa cachot, chumba cha mahabusu.

Fundi Modeste alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja, na ncha za vidole vyake zilikuwa na makovu madogo meupe ya kulehemu. Shati lake lilikuwa lile lile alilokamatwa nalo. Alisimama alipomwona inspekta, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Papa Modeste, kaa. Banasema ulivunja nyumba ya Nguba."

"Nguba ninaijua kwa kwenda kuoga mu lac, zamani, nikiwa mutoto. Sasa banaweka bukuta mpaka mu maji."

"Ampli iko ya nani?"

"Ya maman Clémence, bibi ya marehemu Théodore, ule alikuwa anapiga gitaa. Aliniletea kwa sababu ilianza kulia kama nyuki. Nikabadilisha condensateurs. Ilikuwa inangojea mwenyewe aje kuichukua."

"Na Directeur aliionea wapi?"

"Alikuja na redio yake. Akaona ampli, akasema, niuzie. Nikasema, Papa, haiko yangu. Akasema, taja bei. Nikasema tena, haiko yangu. Akaenda. Nyuma ya siku mbili, bagendarme bakafika."

Cirhuza aliandika kila neno. Kisha akasema, "Banataka uitengeneze leo. Ilikufa kwake."

Modeste alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu inspekta aingie alicheka, kwa sauti ndogo. "Ilikufa? Inspecteur, ile ampli iko muzima. Mi sitengeneze kitu kizima."

"Sasa juu ya nini haiwaki?"

"Hiyo sitasema hapa. Hapa bukuta iko na masikio. Nikisema, jioni neno limefika Nguba, na kesho ye atasema alijua tangu siku ya kwanza. Nenda kwa maman Clémence, umuulize namna banaiwasha. Andika. Kisha enda kwa ule mwingine, umuulize vilevile. Andika. Halafu unifungue ao unifunge."

Inspekta alifunga daftari lake. Katika miaka kumi na miwili ya kazi, wengi walikuwa wamemwomba huruma. Huyu alikuwa anamwomba utaratibu tu, ule ule ambao sheria ilimwagiza kila OPJ, yaani mpelelezi kama yeye, aufuate, na ambao kwa siku sita hakuna aliyeufuata.

*

Maman Clémence aliishi Kadutu, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Alikuwa amekaa mlangoni akikwangua nta kutoka vipande vya mishumaa na kuitia katika sufuria. Kazi yake parokiani ilikuwa kuokota mabaki ya mishumaa ya altare na kuyayeyusha ili mishumaa mingine itoke.

"Maman, mi sitakusaidia kwa neno hata moja," inspekta alimwambia. "Unieleze ampli yako kama vile sijawahi kuona ampli."

"Iko nyeusi. Juu, mukono wa kushoto, iko na alama ya duara. Théodore alikuwa anaweka pale chupa, nikimugombeza. Kitambaa ya mbele iko ya kijivu. Aliinunua kwa Mubelgiji moja ule alikuwa anarudi kwao, mwaka 1963. Ilienda naye mpaka Shabunda, kupigia bachimbaji ba zahabu, na ikarudi. Ye alikufa, yenyewe ikabakia."

"Nyuma iko na nini?"

"Kile kitu ya kuzungusha na sarafu. Upande moja cent dix, upande mwingine deux cent vingt."

"Unaiweka wapi?"

"Ku cent dix. Kila siku."

Cirhuza aliinua kichwa. Cent dix ni 110, na umeme wa Bukavu ulikuwa wa deux cent vingt, volti 220. Mtoto yeyote aliyewahi kuunguza redio ya baba yake alilijua hilo.

"Maman, cent dix itaungua."

"Batu bote banasema hivyo. Haiungue. Ukiitia ku deux cent vingt ndiyo inanyamaza, kama mutu amekufa. Ilikuwa mwaka 1969, siku chache kisha Pasaka. Radi ilipiga, transfo ikaungua, na ule upande wa deux cent vingt wa kile cha kuzungusha ukayeyuka. Transfo nyingine tungeitoa wapi? Modeste alifungua ile ya zamani, akatoa waya wote, akaanza kuzungusha mupya kwa mukono. Usiku tatu, hapa kwangu. Alipomaliza akafunga waya ya courant ku ule upande ulibakia muzima, ule wa cent dix. Kwa hiyo pale banasema cent dix, ndani iko deux cent vingt."

"Alizungusha mara ngapi?"

"Mia saba. Mi ndiye nilikuwa nahesabu." Alifuta mikono kwenye pagne, kitenge chake, akatoa rozari mfukoni. "Mizunguko kumi, punje moja. Fumbo moja likiisha, ni mizunguko mia moja. Pale anasimama, anaweka karatasi ili waya ya juu isiguse ya chini. Théodore akiuliza tumefika wapi, mi nasema tuko ku fumbo la ine. Tulimaliza rozari muzima na mafumbo mawili ya ingine."

"Karatasi gani?"

"Ya matangazo ya parokia. Alikuwa anaitumbukiza mu nta ya mishumaa, ili maji isiingie. Ile ya mwisho, ya juu kabisa, Théodore alichagua mwenyewe. Ilikuwa matangazo ya Pasaka, na jina ya binti yetu, Adélaïde, ule alibatizwa ile siku. Alisema, iache humo, itapata joto."

Inspekta aliandika ukurasa mzima, akamsomea polepole, naye akatia sahihi kwa herufi kubwa za shule ya msingi. Cirhuza aliikunja PV, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi, akapiga muhuri wa parquet juu ya mkunjo. Maman Clémence alitia sahihi juu ya muhuri pia.

"Huyu mutu iko mu cachot juu yangu," alisema. "Alikataa kuuza kitu yangu. Kama angeuza, leo angekuwa kwake anakula."

"Chukua kitambaa yako ya kichwa, maman. Tunaenda Nguba."

*

Nyumba ya Citoyen Muderhwa ilikuwa ndani ya bustani iliyoshuka hadi ziwani. Chauffeur wake alifungua lango. Kwenye kitambulisho chake alikuwa na jina jingine, la Kiafrika, kama serikali ilivyoagiza, lakini wote wa nyumba waliendelea kumwita Placide. Alimwona Modeste akishuka kwenye jeep akiwa na pingu mikononi, gendarme mmoja nyuma yake, na akageuza macho upande.

Inspekta aliwaacha wote kwenye baraza, akaingia salon peke yake.

Mkurugenzi alikuwa katika suti ya abacost ya rangi ya udongo, beji ya Chama kifuani. Ampli ilikuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, chini ya picha ya Rais. Ilikuwa nyeusi. Kitambaa cha mbele kilikuwa cha kijivu. Juu, mkono wa kushoto, kulikuwa na duara hafifu.

"Umeleta fundi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Nimemuleta. Mbele ya yote, karatasi yako, citoyen."

Facture, hati ya ununuzi, ilikuwa halali. Ilitoka duka la Bruxelles, mwezi wa tano 1976, na ilitaja aina ya ampli na namba yake. Inspekta aliinama mbele ya ampli. Plaketi ndogo ya chuma ilikuwa imefungwa pembeni kwa skrubu nne, na namba iliyochapwa juu yake ilikuwa ile ile ya facture, tarakimu kwa tarakimu.

"Umeona?" alisema Mkurugenzi. "Sasa ungeweza kubakia ku bureau, usiunguze essence ya serikali."

Cirhuza aliiandika namba. Kwa karatasi na kwa plaketi, kesi ilikuwa imekwisha, na Modeste alikuwa mwizi. Alikaa, akafungua ukurasa mpya.

"Ni maulizo kidogo, ya utaratibu tu. Ulipoinunua, ilikuwa mupya?"

"Nilitoa mwenyewe mu carton."

"Tangu siku ile, fundi gani aliifungua?"

"Hata moja. Kitu mupya, ifunguliwe juu ya nini?"

"Transfo haijabadilishwa?"

"Nimesema hata moja. Andika."

"Ninaandika. Nani alikuwa anaiwasha?"

"Mi mwenyewe, kila Jumapili, miaka tatu. Sipende batu baguse bintu byangu."

Inspekta alimsomea majibu yake. Mkurugenzi alitia sahihi bila kuketi, kwa haraka ya mtu anayesaini mara mia kwa siku.

"Sasa, citoyen, uiwashe."

"Nimesema haiwaki."

"Nione namna unaiwasha."

Mkurugenzi alipumua kwa nguvu, akatia plagi ukutani, akabonyeza. Hakuna taa iliyowaka. Cirhuza alichomoa plagi hiyo, akachomeka taa ya mezani mahali pale pale. Taa iliwaka. Akafungua fyuzi ya ampli, akaitazama mbele ya dirisha. Ilikuwa nzima. Kisha akainama nyuma ya ampli. Alama ya kizungushio ilielekea 220.

"Hii, iko fasi yake?"

"Iko ku deux cent vingt. Courant yetu iko ya deux cent vingt. Hata mutoto anajua."

"Ndivyo uliiweka miaka yote tatu?"

"Ndivyo. Ule mwizi ameiharibu ndani."

Cirhuza aliandika hayo pia, kisha akafungua mlango wa baraza. Maman Clémence aliingia, na nyuma yake Modeste na gendarme. Placide alibaki mlangoni.

"Maman, iwashe."

Mjane alitoa sarafu katika fundo la pagne yake. Alikwenda nyuma ya ampli, akaiingiza sarafu katika mfereji wa kizungushio.

"Citoyenne, iache," alisema Mkurugenzi. "Iache. Utaitia ku cent dix, utaiunguza."

"Andika kama alisema hivyo, inspecteur," alisema Modeste kwa utulivu.

"Nimekwisha kuandika."

Sarafu iligeuka. Maman Clémence akabonyeza, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono kama mtu anayengoja wimbo wa kuingilia. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha, kupitia matundu ya nyuma, lampe zikaanza kuwa nyekundu, moja baada ya nyingine, zile chupa ndogo za kioo ambazo ampli za siku hizi hazina tena. Spika ikatoa mngurumo mdogo, laini. Gitaa la kikundi lilikuwa limeegemezwa kwenye kochi. Modeste aliinua mikono yake miwili pamoja, kwa sababu ya pingu, akachomeka waya wake. Inspekta alivuta uzi mmoja. Sauti ilijaa chumba, ikafika hadi jikoni, ambako mtu aliacha kuosha vyombo.

Ampli ilipozidi kupata joto, harufu ilianza kutoka nyuma yake. Gendarme aliinusa, akavua kofia bila kujua.

"Inanuka kanisa," alisema.

Mkurugenzi alimnyoshea Modeste kidole. "Iko ujanja ya huyu fundi. Alibadilisha waya ikiwa kwake, ile wiki alikuwa ameificha."

Lilikuwa jibu zuri, na Cirhuza alilikubali kwa kichwa. "Inawezekana. Kwa hiyo tunafungua transfo."

Alizima ampli, akachomoa plagi. Akamfungua Modeste pingu, akaziweka mfukoni.

"Bisibisi," alisema Modeste. Placide ndiye aliyemletea, kutoka gari.

Fundi alifungua skrubu za nyuma, akatoa ubao. Alingoja ampli ipoe na umeme uliobaki ndani uishe, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akatoa kifuniko cha chuma cha transfo. Chini yake kulikuwa na kitu cha rangi ya asali, kimefungwa kwa karatasi iliyonyweshwa nta. Nta ilikuwa ngumu, yenye vumbi la miaka, na vumbi hilo lilikuwa jekundu kama udongo wa barabara ya Shabunda.

Inspekta alipasua bahasha, baada ya kumwonyesha Mkurugenzi muhuri, na akasoma kwa sauti maneno yote ya maman Clémence, pamoja na kizungushio, radi, mafumbo saba na matangazo ya Pasaka. Kisha akaisafisha nta kwa kidole, akasogeza tochi yake.

Herufi za karatasi zilikuwa zinasomeka kupitia nta.

"Pasaka, 1969," alisoma. "Waliobatizwa." Alisogeza tochi. "Adélaïde, binti wa Théodore na Clémence."

Jina la Kizungu kama lile lilikuwa limekatazwa na serikali kwa miaka saba sasa, na lilikuwa limesomwa wazi chini ya picha ya Rais. Maman Clémence hakulia. Alitazama karatasi, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Ulinunua mupya mwaka 1976," alisema Cirhuza. "Hakuna fundi aliifungua. Ni sahihi yako. Nieleze, citoyen, hii Pasaka iliingia kwa njia gani?"

"Plaketi iko yangu," alisema Mkurugenzi. "Namba iko yangu."

"Hiyo ninaamini."

Inspekta alielekeza tochi kwenye plaketi. Kuizunguka, ngozi nyeusi ya ampli ilikuwa na kivuli cha plaketi nyingine, ndefu zaidi, iliyong'oka miaka mingi iliyopita. Skrubu za ampli yote zilikuwa na kutu. Hizi nne zilikuwa zinang'aa.

"Hizi hazina wiki moja," alisema. "Ampli iliibwa kweli, na ilikaa hapa siku sita, katika nyumba ya ule aliiba. Nani alifunga hizi vis?"

Alikuwa amemuuliza Mkurugenzi, lakini jibu lilitoka mlangoni.

"Ni mi," alisema Placide. "Patron alisema banarudisha plaketi yake yenye ilianguka. Ile ampli yake iko mu garage, inspecteur. Ilishaungua mu mwezi wa tisa. Haina hizi lampe."

"Placide," alisema Mkurugenzi, "utatafuta kazi ingine."

"Ndiyo, patron."

Inspekta aliandika jibu la Placide, akampa asaini. Kisha akamgeukia Modeste. "Papa, uko huru. Substitut nitamueleza mi mwenyewe, na hii PV mbele yake. Chukueni ampli, jeep itawarudisha."

Modeste hakuichukua. Alikuwa ameinama tena na bisibisi. Alifungua skrubu ya kwanza kati ya zile nne, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaitoa plaketi, akaifuta vumbi kwa shati lake la siku sita, akaiweka mbele ya Mkurugenzi juu ya meza, na skrubu kando yake.

"Hii haiko yetu," alisema. "Plaketi moja, vis nne. Uhesabu, Papa, kusije kukasemwa tumeiba."

Mkurugenzi hakuzigusa.

"Hesabu," alisema Cirhuza. Alikuwa amekwisha kuandika mstari kwenye karatasi safi, na alimgeuzia ili ausome: kwamba siku ya leo amepokea plaketi ya ampli yake, iliyotolewa kwenye ampli ya Maman Clémence. Akaweka kalamu juu yake. Kutoka mfukoni akatoa pingu zile zile, akaziweka kando ya skrubu.

"Chini pale, citoyen. Na safari hii, ukae ndipo usaini."